Chui wa Kilangala na Matundu ya Buluu

Kisa hiki ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Ndivyo Mzee Sipriani alivyokianza kila alipokisimulia, na kabla hajatokea mtu wa kuuliza alikuwa ameshaapa. Yeye ni Mkatoliki wa Kipatimu, lakini kwa kuwa amezeekea Kilwa Masoko huapa kwa dini zote mbili, wallahi upande huu na haki ya Mungu Baba upande ule, asije akapungukiwa mashahidi.

"Mwaka elfu mbili na nne," husema, "nipo kazini, fundi wa simu, nimetumwa Kilangala kutafuta waya uliokatika. Nakuta harusi. Binti anaitwa Joyce, anaolewa. Nakaribishwa, na mgeni si mtu wa kukataa. Pilau linapakuliwa, mara chui. Anatoka kwenye mikorosho, mrefu kutoka hapa mpaka pale kwa muuza mihogo. Wanaume wote mbio. Bwana harusi mbio. Nimebaki mimi na mwiko. Nikamtandika nao puani. Akaniangalia. Nikamwangalia. Akaniambia, bwana, yaishe."

"Chui kasema?" huuliza Abdulatifu, muuza kahawa, ingawa amekisikia kisa hicho mara nyingi kuliko adhana ya msikiti wa jirani.

"Kwa macho. Wewe hujawahi kuambiwa kitu kwa macho?"

Chui huyo alipoanza kusimuliwa alikuwa na kimo cha mbuzi. Miaka ishirini ya kahawa ya asubuhi ilimlisha akanenepa, hata kufikia mwaka huu alikuwa fahali wa ng'ombe, na mwiko nao ulikuwa ukifupika kila mwaka mpaka ukawa kijiko. Masoko nzima ilimwita Mzee Sipriani Bwana Chui, na kikombe cha kwanza cha Abdulatifu kilikuwa chake bila kuuliza. Mstaafu ana vyeo vingapi? Alikuwa na hicho kimoja, na alikivaa kila siku.

Ukweli aliujua yeye na Mungu wake. Siku ile hapakuwa na chui. Palikuwa na mbwa aliyenyakua paja la mbuzi, na Sipriani, anayeogopa mbwa tangu utoto, alikwea mkorosho na sahani yake mkononi bila kumwaga hata punje moja. Aliyemfukuza mbwa kwa mwiko ni mama wa bibi harusi, Mama Joyce, mwimbaji ambaye bila yeye harusi za upande ule hazikuitwa harusi. Mama Joyce alipomaliza na mbwa alikuja akasimama chini ya mti, akamtungia fundi wa simu wimbo palepale, na kijiji kizima kikaitikia. Tena kulikuwa na kamera. Dawoodbhai, mwenye studio ya Masoko, alikuwa amekodiwa kupiga video ya harusi. Alichukua yote.

Dawoodbhai hakuwahi kumsaliti. Kila aliposikia kisa cha chui alikohoa, akaagiza kahawa nyingine. Mara moja tu, wakiwa wawili, alimwambia Sipriani, "Kanda ya thelathini na moja, bwana. Nimeiweka mbali." Akafa na siri yake, Mungu amrehemu. Mama Joyce naye alikwisha fariki. Kilangala ni mbali na Masoko, na uongo haulipi nauli kwenda kujipeleleza. Sipriani alihesabu mashahidi, akaona wamekwisha.

Sasa asubuhi moja ya Julai, Shabnam, mjukuu wa Dawoodbhai, alimtumia ujumbe wa simu: babu njoo na bisibisi, leo ndiyo leo.

Duka lao lina nusu mbili. Nusu ya mbele bibi yake Shabnam, Mariambai, mjane wa Dawoodbhai, anauza kanga na uzi na vifungo. Nusu ya nyuma Shabnam anatoa fotokopi, anachapa barua za watu na kupiga picha za pasipoti. Kompyuta yake ni ya mezani, ya zamani, ilinunuliwa mtumba kutoka ofisi fulani ya Dar, na boksi lake, lile watu wanaloliita sipiyu, ni zito kama jiwe la kusagia. Kazi inafanya. Ila matundu yake ya USB ni ya kizazi kilichopita, na kupitisha kitu kikubwa humo ni kama kuhamisha kisima kwa kijiko cha chai. Sipriani husema kuna mteja aliyeleta flashi yake pale akiwa kijana, akaondoka nayo akiwa na mvi.

Wiki tatu nyuma Shabnam alikuwa ameagiza Dar kadi ya kuongeza matundu mapya, yale ya kasi, yenye ulimi wa buluu ndani. Sipriani alipoiona alisema, "Hizi nimezifunga mpaka nimechoka. Kuna meli ya mafuta ilitia nanga Mtwara kunisubiri mimi." Tangu siku hiyo kadi ililala kwenye droo, na Sipriani alikuwa na udhuru: leo goti, kesho msiba, keshokutwa goti lile la pili. Uani kwake alikuwa amefungua kompyuta kumi na tisa zilizokufa, na mbili kati ya hizo alizifufua kweli. Alijifunza mwenyewe, kwa miwani, kwa subira na kwa video za kwenye simu. Lakini kadi ya namna ile hakuwahi kuifunga, na meli haikuwahi kumsubiri.

Alipoingia, Mariambai hakuinua macho kwenye kanga alizokuwa akizikunja.

"Karibu, Bwana Chui. Magoti yamepona?"

"Limepona moja. Nimekuja na hilo."

"Shikamoo babu," Shabnam alisema kutoka nyuma. "Njoo upesi. Nina mgeni, anaondoka na gari la saa nane."

Kando ya meza alikaa msichana wa miaka ishirini na kitu, begi kubwa miguuni, na mapajani kitu kidogo cheusi amekifunga kwa leso kama yai. Aliinuka akampa shikamoo ya mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Safari ya wapi?"

"Kigoma, baba. Mimi nesi. Ndiyo napangiwa kazi mara ya kwanza."

"Anataka kanda zote za marehemu babu," Shabnam alisema. "Hamsini na nne. Nilizihamishia kwenye kompyuta mwaka juzi, moja moja, huku nafanya kazi nyingine, hata sikuzitazama. Ni gigabaiti mia saba. Nimeanza kumnakilia saa hizi. Hebu ona inavyonijibu."

Sipriani alivaa miwani. Kwenye kioo kompyuta ilikuwa imeandika kwamba bado masaa manane na dakika kumi. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne asubuhi. Gari lilikuwa saa nane mchana.

"Harusi hamsini na nne," Sipriani alisema. "Harusi za watu zote hizo za nini?"

"Mama yangu aliimba katika baadhi," msichana alisema. "Sijui katika zipi. Kanda yetu ya nyumbani ililowa mvua zamani. Na Dawoodbhai aliandika namba tu, daftari la majina limeliwa na mchwa. Kwa hiyo nachukua zote, nitamtafuta humohumo nikifika."

"Mama yako nani?"

"Mama Joyce. Wa Kilangala. Mimi Martina, wa mwisho kuzaliwa."

Bisibisi ilimtoka Sipriani mkononi, ikabingirika chini ya meza. Alichukua muda mrefu kuinama kuitafuta.

"Kilangala," Mariambai alisema kule mbele. "Si ndiko kwa chui wako?"

"Ndiko."

"Basi huyu mtoto atakuwa anamjua."

"Chui gani?" Martina aliuliza.

"Aliyetaka kula harusi ya Joyce," Mariambai alisema. "Mzee huyu alimpiga kwa kijiko."

"Mbona sijawahi kusikia?"

"Ulikuwa mdogo," Sipriani alisema kutoka chini ya meza. "Mliokuwa wadogo hamkuambiwa, msije mkaogopa kwenda shamba. Tufanye kazi, wanangu, saa nane haina ndugu."

Shabnam alizima kompyuta. Sipriani alichomoa waya wa umeme, akabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki ndani uishe, akalilaza boksi ubavu na kufungua kifuniko. Ndani mlikuwa na vumbi la miaka kumi na mayai mawili ya mjusi, aliyoyahamishia kwenye dirisha kwa adabu.

"Kwanza unashika chuma," alisema, akashika ukingo wa boksi. "Mwili una umeme wake, ukigusa bodi hivihivi unaiua. Kuna jamaa Lindi alipuuza, nywele zikamsimama. Mpaka leo kofia anaifunga kwa kamba."

Hakuna aliyecheka, naye hakuwa na moyo wa kuurudia mzaha huo. Alijaribu kuipachika kadi kwenye mpenyo mrefu mweupe wa bodi. Haikuingia. Akajaribu wa pili yake, mweupe vilevile.

"Babu, si ule mfupi?" Shabnam alisema. "Ule mweusi?"

"Najua. Nilikuwa nawapima nyinyi."

Alibandua kibati kidogo nyuma ya boksi, akaukabili mpenyo mfupi, akaisukuma kadi kwa vidole gumba viwili mpaka ikakaa, kisha akaikaza kwa skrubu. Mikono ilifanya kazi vizuri. Kichwa ndicho kilichokuwa Kilangala, juu ya mti.

Hapo ndipo alipoona kitu cha mwisho. Pembeni mwa kadi palikuwa na soketi ndogo, na kutoka kwenye pawa saplai ulining'inia waya usio na kazi, unaolingana na soketi hiyo kama ufunguo na kitasa. Video za kwenye simu zilikwisha mfundisha. Usipouchomeka waya huo, kadi itawaka, flashi itafanya kazi, kila mtu ataona kazi imekwisha. Lakini hadidiski, kama ile aliyoifunga Martina kwa leso, ambayo inakula umeme kupitia tundu lilelile inalopitishia kazi, itakosa nguvu na kuzimia.

Aliutazama waya. Ungemgharimu sekunde tano. Upande wa pili kulikuwa na kikombe cha kwanza cha kahawa, na jina, na chui wa miaka ishirini. Na kilichomvutia zaidi ni kwamba safari hii hakutakiwa kusema uongo wowote. Alitakiwa kusahau tu. Nani hajawahi kusahau?

Akafunga kifuniko.

Kompyuta iliwaka, ikaitambua kadi yenyewe. Nyuma ya boksi matundu manne ya buluu yalikuwa tayari. Shabnam alichomeka flashi yake, akapitisha humo picha za pasipoti za mwezi mzima, zikaenda kabla hajaondoa mkono kwenye mausi. Alicheka peke yake.

"Babu, wewe ni fundi."

Sipriani alijishughulisha na kukunja kitambaa.

Martina alifungua leso, akatoa hadidiski yake. Ilikuwa mpya, ina kibandiko bado. Shabnam aliichomeka. Taa yake iliwaka, ikalia tik, ikazima. Ikawaka tena. Tik. Ikazima. Shabnam alihamia tundu la pili, la tatu, la nne. Akakaa.

"Vipi, babu?"

"Labda kadi yenyewe dhaifu," Sipriani alisema. "Mambo haya yana bahati."

"Na meli ya mafuta?"

"Meli ile ilikuwa na umeme wake."

Saa ilikuwa tano kasorobo. Kurudi kwenye tundu la zamani kulikuwa kurudi kwenye masaa manane. Shabnam alianza kuomba radhi, akashindwa kuimaliza. Martina alimshika bega.

"Usijali, dada. Nipe zitakazowahi. Hata ishirini."

"Ishirini zipi? Hatujui yumo wapi."

"Nitabahatisha."

Alisema bila kulalamika, kama mtu aliyezoea kupewa kidogo. Halafu akaongeza, akimwelekea Sipriani kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa pale, "Nilikuwa na miaka minane alipofariki, baba. Maneno yake nayakumbuka yote. Usicheze na moto, funika maji, njoo nikusuke. Lakini sauti imenitoka. Nikijaribu kumsikia nasikia ya Joyce. Nikaona nisiende mbali hivyo bila sauti yake."

Jambo la ajabu ni kwamba Sipriani alikuwa nayo. Alikuwa nayo nzima, haijapungua. Kila asubuhi, mdomo ukisimulia chui, chini yake sauti ya Mama Joyce ilikuwa ikiimba, nene, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa mstari, na ilimbidi aongeze ukubwa wa chui ili isisikike. Miaka ishirini alikuwa ameikalia mali ya mtoto huyu kama kuku anayelalia mayai ya jirani.

Alikohoa. Alishtuka mwenyewe, maana kilikuwa kikohozi cha Dawoodbhai.

"Zima," alimwambia Shabnam.

"Nini tena?"

"Zima kompyuta. Kuna kitu nimesahau."

Mariambai aliacha kukunja kanga. Tangu amfahamu Sipriani hakuwahi kumsikia akikiri kusahau kitu, wala kukosea, wala kutojua njia.

Alifungua kifuniko, akashika chuma, akauchukua ule waya na kuuchomeka kwenye soketi. Ulilia tak. Sekunde tano hazikufika. Walipowasha na kuchomeka hadidiski, taa yake iliwaka, ikatulia. Shabnam aliagiza kunakili kanda zote hamsini na nne. Kompyuta ilifikiri. Ikaandika masaa manne, ikajirekebisha, ikaandika mawili na dakika tano, ikabaki hapo.

Shabnam alisogeza uso karibu na kioo. "Imekosea," alisema.

"Haijakosea," Sipriani alisema. "Barabara ndiyo imepanuliwa."

Wakasubiri. Martina alinunua mihogo ya kukaanga wakala wote wanne, na Mariambai akatoa chai ya maziwa. Kwa muda mrefu wa kusubiri Sipriani alikuwa akipiga hesabu zake, na hesabu zilianza kumpendeza. Kanda hamsini na nne, karibu saa nzima kila moja. Msichana yuko Kigoma, ana zamu za usiku, anatazama kidogokidogo. Kuifikia ya thelathini na moja itachukua miezi. Akicheka atacheka Kigoma, na wa kumcheka naye ni watu wa Kigoma, ambao hawanywi kahawa kwa Abdulatifu. Mungu ni mwema. Mtoto atapata sauti, mzee atabaki na chui. Akaanza hata kumsimulia Shabnam namna alivyounganisha simu ya kwanza ya Miteja kwa waya wa kuanikia nguo.

Saa saba na nusu kompyuta ilimaliza. Zilikuwa zimeingia zote. Shabnam aliruka kwenye kiti, akamkumbatia Martina, kisha akamkumbatia Sipriani, aliyekuwa tayari amelishika begi lake la vifaa.

"Dada," Martina alisema, "naomba tufungue moja tu. Nimsikie kabla sijapanda gari. Nisije nikawa nabeba harusi za watu tu."

Shabnam alifungua ya kwanza kutoka kwenye hadidiski. Ilicheza safi: bwana harusi wa Kivinje, suti pana, hakuna Mama Joyce. Akarukia katikati, akarukia mwishoni. Akafungua ya kumi. Watu wanakula. Akafungua ya ishirini. Mashehe wanasoma dua. Saa ilisema nane kasorobo. Martina alikuwa amesimama, mkanda wa begi begani, akitabasamu kwa ajili ya wenzake, na lile tabasamu lilikuwa limeanza kuchoka pembeni.

"Haidhuru," alisema. "Atakuwemo tu mahali."

Sipriani alikuwa mlangoni. Barabara ilikuwa mbele yake, wazi, jua limepiga. Mguu mmoja ulikuwa umeshatoka.

"Jaribu thelathini na moja," alisema bila kugeuka.

"Kwa nini thelathini na moja?" Mariambai aliuliza.

"Namba tu. Nina bahati nayo. Haya, mimi nawahi dawa yangu ya goti."

"Goti lipi?"

"La pili."

"Ngoja hapo."

Mariambai ni mwanamke mwembamba wa miaka sabini na sita, lakini alipolisogeza lile bunda la kanga mlangoni hapakuwa na njia ya kupita. Nyuma, Shabnam alikuwa ameshafungua. Kwanza zilisikika ngoma. Kisha vyombo kuanguka, mbwa kubweka, watoto kupiga makelele. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, nene, yenye mkwaruzo mwishoni, na Martina akaliacha begi lianguke.

*Mkorosho huu jamani huzaa korosho,*
*leo umezaa fundi, kaiva na sahani.*
*Fundi wa simu shuka, mbwa kenda zake,*
*ukishuka nitunze, nimekulindia pilau.*

Na watu wote wa Kilangala wakaitikia: *shuka, fundi, shuka.*

Picha ilikuwa ikitikisika, maana Dawoodbhai alikuwa akicheka nyuma ya kamera. Mama Joyce alisimama chini ya mti, kitenge kimefungwa kiunoni, mwiko juu kama bakora ya sherehe. Kamera ikapanda taratibu kwenye shina, kwenye matawi, mpaka ikafika kwa mwanaume wa makamo aliyevaa sare ya fundi simu, amekumbatia tawi kwa mkono mmoja na sahani ya pilau kwa mwingine. Alikuwa akitafuna.

Abdulatifu, aliyekuwa akipita na birika lake, alilivuka bunda la kanga akaingia aone ngoma ya nini. Akaangalia kioo. Akamwangalia Sipriani. Akakiangalia kioo tena.

"Huyo juu ni nani?" aliuliza, kwa upole wa mtu anayejua.

Martina alikuwa ameweka kiganja kwenye spika, kama nesi anayesikiliza mapigo ya mgonjwa.

"Ndiyo hii," alisema. "Siyo ya Joyce. Ndiyo hii yenyewe." Machozi yalikuwa yakimshuka, lakini mstari wa fundi aliyeiva na sahani uliporudiwa alianza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, na Shabnam naye, na Abdulatifu akaliweka birika chini asije akajiunguza.

Mariambai peke yake hakucheka.

"Marehemu alikuwa akikohoa," alisema polepole. "Kila ukisimulia habari ya chui, anakohoa. Miaka yote ile nadhani ni kifua. Nimemchemshia tangawizi mpaka mizizi ikaniisha, Sipriani."

"Nisamehe, mama."

"Na chui?"

"Hapakuwa na chui."

"Mbwa alikuwa na ukubwa gani?" Abdulatifu aliuliza.

Sipriani aliinua mkono usawa wa kifua. Mariambai akamtazama. Mkono ukashuka kiunoni. Mariambai akaendelea kumtazama. Ukashuka gotini, ukasita, ukaendelea kidogo, ukatulia pale mtu anapofungia kamba za viatu.

"Alikuwa na sauti kubwa," Sipriani alisema.

Kwenye kioo wimbo ulikuwa umefika mwisho. Mama Joyce alikuwa amenyoosha kiganja kuelekea juu ya mti, anangoja. Harusini mtu akiimbwa humtunza mwimbaji. Humwendea akicheza, akamvika kitu au akamwekea kitu mkononi mbele ya watu, ndiyo adabu ya ngoma. Fundi wa simu siku ile aliteremkia upande wa pili wa mkorosho, akapanda baiskeli yake. Kiganja kile kilikuwa kimenyooshwa tangu hapo.

"Mama yangu anakungoja, baba," Martina alisema, bado anajifuta uso.

Nje honi ya gari ilisikika, mbali bado, upande wa stendi. Sipriani aliweka begi lake la vifaa chini, akamgeukia Mariambai.

"Nipe doti moja."

"Ya wapi? Hii ya chini?"

"Ile ya juu kabisa."

Mariambai alipanda kistuli, akaitoa doti nyekundu na nyeusi, mpya, inanukia kiwandani, akamtupia. Shabnam alirudisha wimbo mwanzo na kuongeza sauti. Mzee Sipriani aliikunjua ile kanga, akainyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa, akaingia ndani ya duka akicheza, goti moja zima na moja bovu, hatua mbili mbele na moja nyuma, huku Kilangala nzima ikimwambia ashuke. Alimfikia Martina, akamvika mabegani, akainama mpaka chini kama anayemwinamia mama mwenyewe. Abdulatifu, mwanaume mzima, alipiga kigelegele.

Walimsindikiza Martina mpaka garini, hadidiski kifuani chini ya kanga. Kisha Sipriani akarudi dukani kwa Mariambai kulipia doti, na Mariambai hakumpunguzia hata shilingi.